NKAMBO ANAPOSAHAU
Namna ya kumchunga mgonjwa, na namna ya kumchunga anayemchunga

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, katika kurasa za Usalama na Afya mnasoma sana habari za kofia ya kazi, buti, vumbi na baruti. Somo la leo linahusu hatari ambayo haiko shimoni wala kiwandani. Iko nyumbani, karibu na mbabula, pale anapokaa mzee wako. Mfanyakazi asiyelala usiku kwa sababu baba yake anatembea-tembea lupangoni hawezi kuwa na macho makali asubuhi mbele ya mashine. Kwa hiyo jambo hili linahusu nyumba, na linahusu kazi pia. Someni pole pole, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mtu akizeeka, husahau mambo madogo. Anatafuta miwani, kumbe ameivaa. Jina la mtu linampotea, kisha linarudi. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale kusahau kunapozidi mwezi kwa mwezi, hata mtu anashindwa na kazi aliyoizoea miaka yote. Mama aliyepika bukari tangu utoto anasimama mbele ya sufuria, hajui kama unatangulia unga au maji. Baba aliyejua kila njia ya mji anapotea kati ya kanisa na nyumba yake. Anauliza neno moja mara kumi kwa saa moja. Anaita mtoto wake kwa jina la ndugu aliyekufa zamani.

Wanganga wa hospitali huuita ugonjwa huo demensia. Una namna nyingi. Ile inayoonekana zaidi inaitwa Alzheimer, kwa jina la munganga wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Tarehe 3 mwezi wa 11 mwaka 1906 aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyepoteza kumbukumbu, na mabadiliko aliyoyaona ndani ya ubongo wake baada ya kifo. Siku chache tu mbele yake, tarehe 28 mwezi wa 10 mwaka huo huo, Union Minière ya Katanga iliundwa. Ndiyo kusema, wanganga wameujua ugonjwa huu kwa muda sawasawa na ule uliopita tangu kampuni hiyo iundwe.

Namna nyingine inatokana na mishipa ya damu. Damu ikipanda sana kwa miaka mingi, mishipa midogo ya ubongo inaziba au kupasuka, na kila mara sehemu fulani ya akili inapotea.

Msifikiri kwamba ni ugonjwa wa Wazungu tu. Shirika la Afya la Dunia linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye ugonjwa huu duniani. Karibu na kwetu, uchunguzi uliofanywa mwaka 2008 na 2009 katika miji ya Bangui na Brazzaville uliona kwamba, kati ya wazee 100 wenye miaka 65 na zaidi, karibu 8 walikuwa nao Bangui na karibu 7 Brazzaville. Sasa hesabu wazee wa kambi yenu, au wa kijiji chenu cha Lukafu, utajua kwamba si jambo la nyumba moja.

SI BULOZI

Hapa tuseme wazi, maana katika neno hili watu wanakufa.

Mzee mwenye ugonjwa huu anatoka usiku bila nguo. Anazungumza na wafu. Anaficha chakula chini ya kitanda. Mtoto akiugua nyumbani, au mwana akipoteza kazi, wengine wanaanza kumtazama mzee kwa jicho baya. Wanasema: ni mulozi. Wanampeleka kwa mfumu, au mahali pa maombi wanapomfunga kamba na kumnyima chakula. Wengine wanamfukuza.

Tutazame kila jambo kwa akili. Kwa nini anazungumza na wafu? Kumbukumbu ya mgonjwa ni kama buku linaloraruka kuanzia kurasa za mwisho. Mambo ya jana yanatoka kwanza. Mambo ya ujana yanabaki. Kwake yeye, mama yake aliyekufa miaka 40 iliyopita yuko hai, naye anamwita. Kwa nini anatembea usiku? Ubongo wake umepoteza saa. Hajui tena kutenganisha usiku na mchana. Kwa nini anasahau kuvaa? Kuvaa nguo ni kazi yenye hatua nyingi, naye hatua zimempotea.

Nanyi mnaosema, "Lakini amekubali mwenyewe kwamba alikula mtoto," sikilizeni. Mtu wa namna hii hujibu "ndiyo" kwa ulizo lolote, kwa woga au kwa kutaka mumwache apumzike. Mwulizeni kama ndiye aliyejenga reli kutoka Sakania mpaka Lubumbashi mwaka 1910; atasema pia ndiyo. Neno kama hilo si ushuhuda. Anayempiga mzee kwa ajili yake anampiga mgonjwa, na sheria inamhukumu. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba mzee ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee.

KWANZA, KWA MUNGANGA

Usiseme haraka, "Ni uzee tu." Magonjwa mengine yanafanana na huu, nayo yanapona. Malaria, tifoidi, ugonjwa wa mkojo, kukosa maji mwilini, sukari kushuka au kupanda: yote yanaweza kuvuruga akili ya mzee kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana kuna sheria moja ya kushika: akili ikivurugika ghafla, mpeleke mgonjwa hospitali siku ile ile. Ikivurugika pole pole, kwa miezi, mpeleke pia, lakini una nafasi ya kujitayarisha.

Munganga atachunguza damu, presha, sukari, macho na masikio. Atatafuta kaswende, virusi vya ukimwi, na upungufu wa vitamini. Atauliza juu ya lutuku na pombe nyingine. Atauliza kama mzee ana huzuni kubwa tangu kufiwa na mwenzake, maana huzuni nayo hupoteza kumbukumbu. Beba dawa zote anazomeza, hata zile za miti, uzionyeshe. Andika kwenye karatasi: alianza lini, alianza na jambo gani, nini kimebadilika.

Wa Lukafu waanzie kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au kwenye hospitali ya zona yao. Mjini Lubumbashi kuna hospitali Jason Sendwe na Kliniki za Universite, na kuna pia kituo cha Docteur Joseph Guislain, cha Mabruda wa Charité, kinachoshughulikia magonjwa ya akili.

Tuwaambie ukweli: mpaka leo hakuna dawa inayoponya Alzheimer. Ziko dawa zinazosaidia kidogo. Anayekuuzia dawa ya kuponya kabisa anataka franka zako. Lakini kukosa dawa ya kuponya si kukosa la kufanya. Mgonjwa anayechungwa vizuri anaishi miaka mingi kwa amani, na nyumba yake pia.

NAMNA YA KUISHI NAYE

Tuchukue mfano. Mzee mmoja alikuwa kapita shimoni, na ameacha kazi miaka mingi. Saa tisa ya usiku anaamka, anatafuta buti zake, anasema zamu yake imefika. Mwana wake anamjibu kwa hasira: "Papa, ulitoka kazini zamani! Rudi kulala!" Mzee anakasirika, anasukuma mlango, nyumba nzima inaamka. Usiku wa pili ni vile vile.

Mke wa mwana anajaribu njia nyingine. Anasema: "Papa, leo ni siku ya kupumzika. Kapita mwenzako ameshika zamu yako. Keti kwanza, unywe chai, utuambie mlikuwa wangapi kwenye kundi lenu." Mzee anakaa. Anaeleza. Baada ya nusu saa anarudi kulala. Mama huyu hakubishana na ugonjwa, maana hakuna anayeshinda mabishano hayo. Alimpa mzee heshima yake, naye akatulia.

Ndivyo ilivyo pia kwa nkambo aliyeletwa mjini kutoka Lukafu, ambaye kila jioni anafunga vitu vyake akisema, "Ninarudi kwetu." Kumwambia "Hapa ndipo kwenu" kunaongeza woga. Mwulize habari za Lukafu: mto, shamba, majina ya majirani. Mara nyingi anayesema "ninataka kurudi kwetu" anataka kusema "sijisikii salama." Kwa hiyo, kabla ya kumhamisha mzee mwenye ugonjwa huu kutoka kijijini, fikirini sana. Nyumba anayoijua humsaidia kujua njia. Nyumba mpya inamwongezea kupotea. Pengine ni vizuri zaidi kutuma msaada Lukafu kuliko kumleta mzee mjini.

Shikeni pia mambo haya:

1. Sema neno moja kwa mara moja, pole pole, ukiwa mbele ya uso wake. "Papa, vaa shati." Akishavaa, ndipo: "Sasa viatu."

2. Mambo ya kila siku yafanyike saa ile ile: kunawa, kula, kutembea kidogo, kulala.

3. Mpe kazi anayoiweza: kuchagua maharage, kuchambua sombe, kufagia, kukunja nguo. Ikifanywa vibaya, acha. Usirudie mbele yake.

4. Akisema umemwibia pesa, usikasirike. Amesahau alipoziweka. Tafuteni pamoja.

5. Kunawa kunaleta vita mara nyingi. Maji yawe moto kidogo, mlango ufungwe, na anayemnawisha awe mtu ambaye desturi inamruhusu kuona mwili wake. Akikataa leo, jaribu baadaye.

6. Usimfunge kamba hata siku moja. Kamba inaleta vidonda na hofu, nayo imeua watu moto ulipowaka.

USALAMA WA NYUMBA

Kazini mnatafuta hatari kabla haijaumiza mtu. Fanyeni vile vile nyumbani.

Mbabula ndiyo hatari ya kwanza. Katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba, wengi wanaingiza mbabula ndani na kufunga madirisha. Makala yanatoa gesi isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Jambo hili ni hatari kwa kila mtu, lakini mzee anayesahau anaweza kuingiza mbabula mwenyewe ninyi mkiwa mmelala. Itolewe nje, na viberiti vifichwe.

Petroli, dawa za panya, sabuni za maji na asidi ya batri visikae kwenye chupa za kunywea. Dawa za hospitali zifungiwe. Mtu mmoja tu azitoe. Kisima kifunikwe. Vitu vya kujikwaa viondolewe njiani kutoka kitandani mpaka chooni, na taa ndogo iwake usiku kama umeme upo.

Kwa mzee anayetoka-toka, funga kengele ndogo au kopo lenye mawe kwenye mlango wa lupango. Weka mfukoni mwake, au shona ndani ya nguo, karatasi yenye jina lake na namba ya simu ya jamaa. Onyesha majirani, walinzi na wauza duka uso wake. Akipotea, usingoje asubuhi: anza kutafuta mahali alipofanya kazi zamani, kanisani kwake, na njia anayoijua tangu ujana.

ANAYECHUNGA NI NANI?

Sasa tumefika kwenye moyo wa somo. Katika jamaa nyingi mchungaji wa mgonjwa ni mtu mmoja tu: mke, au binti asiyeolewa, au mke wa mwana. Wengine wanafika Jumapili, wanaleta sukari, wanasema, "Mbona Papa amekonda?" kisha wanakwenda. Yule aliyebaki ndiye anayeamka usiku, anayefua mashuka, anayetukanwa. Kama hakuna anayemsaidia, ataanguka yeye mbele ya mgonjwa.

Kazini hakuna mtu anayeshika zamu tatu mfululizo. Kapita akimwachia mtu mmoja mashine mchana na usiku, ajali itafika, nanyi mtasema ni kosa la kapita. Mbona nyumbani mnamwachia mama mmoja zamu zote za mwaka mzima?

Iteni mkutano wa jamaa. Wote wawepo: walioko Lukafu, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, asiyeweza kufika aongee kwa simu. Kwanza, munganga au muuguzi awaeleze ugonjwa, ili neno la bulozi lizimwe mapema. Kisha gawanyeni kazi, mwandike kwenye karatasi:

– Nani anakaa na mgonjwa siku gani, na nani usiku gani.

– Nani anatoa pesa, kiasi gani, tarehe gani. Anayefanya kazi mbali na hawezi kukaa na mgonjwa, na atume zaidi. Pesa za sabuni, za dawa na za chakula zihesabiwe kando ya matumizi ya nyumba ya anayechunga.

– Nani anampeleka hospitali.

– Anayechunga anapumzika siku gani. Angalau siku moja kwa juma atoke: aende sokoni, kanisani, kwa dada yake. Siku hiyo asiulizwe neno.

Wanaume, kuchunga mzazi si kazi ya wanawake peke yao. Mwanamume anayemnawisha baba yake hapotezi heshima. Watoto pia waelezwe: nkambo ni mgonjwa, si mjinga wala mbaya, msimcheke. Lakini msimtoe mtoto shuleni ili awe mlinzi wa mzee.

Tazameni alama za kuchoka kwa anayechunga: hasira kwa neno dogo, machozi bila sababu, kukosa usingizi hata mzee akilala, kuumwa kichwa kila siku, kuanza kunywa, kusema "heri afe" au "heri nife mimi." Anayesema hivyo si mtu mbaya. Amebeba mzigo kupita nguvu zake. Siku ile ile mtu mwingine ashike zamu, naye apelekwe kwa munganga.

Na wewe unayechunga, sikia neno hili. Siku utakapoona mkono wako unataka kumpiga, mweke mzee mahali salama, toka nje, pumua, ita jirani. Kuomba msaada si aibu. Methali inasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: wengine watauona mwepesi mpaka uwaambie uzito wake.

Majirani, mna sehemu yenu. Kukaa saa moja na mzee ili mama aoge na kulala ni msaada mkubwa kuliko maneno mengi. Nanyi makapita na wakubwa wa kazi: mtu wenu akifika na macho mekundu, mwulize habari za nyumbani kabla ya kumwandikia kosa. Kumbadilishia zamu kwa majuma machache kunaweza kuzuia ajali.

KARATASI NA PENSHENI

Mzee mwenye pensheni ashughulikiwe mapema, wakati bado anajua kusema na kutia mkono. Kusanyeni pamoja kadi yake, karatasi za kazi na namba yake ya CNSS, ile iliyoitwa zamani INSS. Ulizeni huko namna ya kupokea pensheni atakaposhindwa kwenda mwenyewe. Mambo ya lupango na nyumba yasemwe mbele ya mashahidi na kuandikwa. Akikwisha kupoteza akili, asitiishwe mkono kwenye karatasi yoyote. Mwana anayefanya hivyo kwa siri analeta vita itakayobaki baada ya mazishi.

KUJIKINGA TUKINGALI NA NGUVU

Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet waliandika kwamba karibu 45 kwa 100 ya ugonjwa huu ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Tazama baadhi ya mambo hayo: kuumia kichwani; masikio kuharibika; presha; sukari; tumbaku; pombe nyingi; moshi na hewa chafu; kukaa bila kutembea; kukaa peke yako; kukosa shule utotoni; macho yasiyotibiwa.

Kumbe kofia ya kazi inalinda hata akili ya uzee wako. Vizibo vya masikio karibu na mashine za kuponda mawe vinalinda zaidi ya masikio. Anayevitupa kwa sababu vinamsumbua leo atajua bei yake baada ya miaka 30. Pimeni presha kila mwaka, na aliyepewa dawa ya presha aimeze hata siku asiyoumwa. Na watoto wote, wa kike na wa kiume, wakae shuleni.

MAULIZO YA KUJIZOEZA

1. Akili ya mzee imevurugika tangu jana. Mtafanya nini, na lini?

2. Mama anasema mke wa mwana amemwibia kitenge. Utamjibu nini?

3. Kwa nini neno "ndiyo" la mgonjwa si ushuhuda?

4. Katika jamaa yenu, ni nani anayeshika zamu zote? Juma hili nani atampumzisha?

Ulizo la nne halijibiwi kwa kalamu. Lijibuni kwa kwenda.